Spoki Mbili Alizochonga Baba

Kutengeneza gurudumu moja la mkokoteni wa marehemu baba kumenigharimu shilingi laki moja na themanini, pamoja na spoki kumi alizochonga kwa mkono wake. Bei ya fundi niliishusha kutoka laki mbili na nusu. Spoki hazikuwa na wa kupatana naye.

Mkokoteni ule baba aliuunda mwenyewe hapa Kigongo, enzi ng'ombe wakivuta mizigo hadi kivukoni. Limebaki gurudumu hili tu, limeegemea ukuta wa jiko. Lile jingine liligeuka kuni siku ya msiba wake, na hakuna aliyeuliza. Mama haoni tena. Kila asubuhi huketi kando ya gurudumu akipapasa spoki moja moja. Anajua ipi baba aliichonga kwa haraka, ipi tezo ya kuchongea iliteleza.

Mwaka jana spoki zikalegea. Kwetu mpini wa jembe ukilegea unalowekwa. Basi nikalizamisha gurudumu ziwani siku tatu, nimelifunga kamba kwenye jiwe. Likakaza! Nikajisifu nimeokoa hela ya fundi. Wiki mbili za jua, mbao zikasinyaa kuliko mwanzo, spoki zikapasuka kwenye kitovu.

Seremala alilitazama akacheka. "Kaka, umeliloweka kama muhogo wa udaga?"

"Fanya laki moja."

"Kwa laki moja nakupasulia kuni."

Kati ya spoki kumi na mbili, nilizihesabu mara mbili, zilipona mbili. Kumi akachonga mpya, akazipiga msasa mpaka zikateleza.

Nilipolirudisha, mama akapapasa ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hili la nani?"

"La baba, mama. Limetengenezwa."

Vidole vikaendelea hadi kwenye mojawapo ya zile mbili, vikakaa hapo. Tangu siku hiyo anashika hizo tu.

Sasa moja imeingia bungua, mdudu wa mbao. Kila asubuhi nafagia unga wake kabla mama hajatoka. Seremala anasema nipake oili chafu, lakini oili itaziba alama za tezo, na harufu mama ataisikia. Nikiiacha, masika haifiki.

Wewe unayejua mbao, nisaidie: ipo dawa inayoua bungua na kuacha alama za tezo zilivyo? Kama haipo, mama nimwambieje?