Miguu ya Mama Pedali

Kimya kilianza Jumatatu. Uchochoro mzima ulikuwa umezoea kraka-kraka ya cherehani ya Mama Pedali, tangu watu wanapopiga mswaki hadi taa zinapowashwa, na siku hiyo haikusikika. Jirani muuza mkaa alichungulia dirishani akidhani kuna msiba. Akamkuta fundi mzima wa afya, ameketi mbele ya mashine ileile, miguu kaiweka pembeni kama viatu vya mgeni. Chini ya meza kulikuwa na mota ndogo, inavuma kama nyuki.

"Mwanangu kanifungia mota," alisema. "Eti nimepiga pedali miaka ishirini na sita, sasa miguu ipumzike."

Miguu haikutaka kupumzika. Kijana hakulijua hilo, kwa sababu mama yake hakuwahi kumwambia mtu. Miaka kadhaa sasa, jua likianza kuinama, kitu kiliamka ndani ya vigimbi vyake, kama siafu wanaohama ndani kwa ndani. Akitulia, walizidi. Akisogeza mguu, walinyamaza. Ndiyo maana alishona hadi usiku. Watu walimsifu kwa bidii, naye alizipokea sifa hizo huku akijua nusu yazo ni za siafu.

Mota ilipokuja, siafu wakakosa kazi, wakahamia kitandani.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la maji, mtu wa kudamka. Wiki ya kwanza alivumilia mateke. Ya pili akauliza, "Mama watoto, unakimbilia wapi? Niambie nikupeleke na lori." Ya tatu alisinzia kwenye taa za barabarani, akashtuliwa na honi za watu. Jioni hiyo alichukua mto wake akaenda kulala kwenye kochi sebuleni.

"Si kwa ubaya," alisema.

"Najua, baba watoto."

Alijua, lakini upande ule wa kitanda uliobaki baridi ulimuuma kuliko siafu. Hata ule mkoromo aliokuwa akiulaani, sasa aliutamani. Akaapa kimoyomoyo kwamba mto ule utarudi. Kesho yake akaenda kliniki.

Daktari alikuwa binti mdogo, lakini alisikiliza kama mtu mzima. Aliuliza kuhusu usingizi, kuhusu jioni, kuhusu hedhi.

"Inatoka kama bomba limepasuka," alisema Mama Pedali. "Miaka kadhaa sasa."

Damu ikapimwa. "Damu yenyewe haijapungua sana, mama," alisema daktari majibu yalipotoka. "Kilichoisha ni akiba ya madini ya chuma mwilini. Akiba ikishuka, kuna watu miguu yao huhangaika hivi. Ni ugonjwa unaojulikana, wala hujarogwa. Nitakupa vidonge vya chuma, na hiyo hedhi nayo tutaitibu."

Mama Pedali alicheka hadi akashika meza. "Sindano, mikasi, pasi, mashine. Nashinda nimeshika chuma, kumbe mwilini hakuna hata cha kutengenezea pini."

Alimeza vidonge kwa nidhamu, bila kuruka siku. Miezi miwili ikapita. Mto ukabaki kwenye kochi. Akarudi kliniki uso umekunjamana.

"Dawa yako inabadilisha rangi ya choo tu, mwanangu. Miguu haina habari nayo."

"Unameza na nini?"

"Na chai. Sisi mafundi hatumezi kitu bila chai. Birika langu linakaa kando ya mashine kutwa."

"Chai ya namna gani?"

"Nyeusi kama koti la wakili."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi chai ndiyo inakizuia chuma kisiingie mwilini. Meza na maji ya machungwa, tumbo likiwa tupu. Chai ije baadaye, zikishapita kama saa mbili hivi. Na usiwe na pupa, ghala halijai kwa siku moja."

Birika likahamishiwa jikoni, na mafundi wenzake waliokuja kuazima uzi walilitafuta kwa macho kama ndugu aliyesafiri. Mwanawe naye aliitwa, akaelezwa bila kuaibishwa: mota ifanye kazi asubuhi, ila jioni mkanda wake ufunguliwe, mama apige pedali yake. Kijana akafungua mkanda mwenyewe.

Siafu hawakuondoka kwa kishindo. Walianza kuchelewa, kisha wakawa wanakosa siku. Jioni moja, mumewe alishusha gazeti akamtazama muda mrefu.

"Umekaa," alisema.

"Nimekaa."

"Tangu nianze kusoma hujasimama."

"Na wewe unasoma polepole."

Mume alijikuna ubavu. "Kochi hili lina springi moja ina roho mbaya."

"Nani kakufungia mlango wa chumbani?"

Akachukua mto wake.

Akiba imepimwa tena, imepanda, ingawa vidonge bado anameza na kliniki bado anakwenda. Mama Pedali anashona sare za shule katika chumba kilekile, mlango wa pili kutoka kwa muuza mkaa, na hufunga kazi saa kumi na mbili jioni.