Mji Alikozaliwa Binti Yangu, na Kitabu Kisichomtaja

Kitabu kilifika Kilburn Jumamosi asubuhi, kimezungushiwa utepe wa gundi mpaka ikabidi niukate kwa kisu cha nyama. Binti yangu alikuwa anarukaruka pembeni yangu. Shuleni kwao kila mtoto amepangiwa siku ya kusimama mbele ya darasa na kueleza mahali alipozaliwa, na wenzake karibu wote wanataja hospitali ileile moja, iliyo vituo vichache vya basi kutoka hapa. Wangu alizaliwa Marekani, kwenye kimji cha mashamba ya mahindi ambacho hata Wamarekani hawakijui. Akajigamba kwamba mji wake una kitabu kizima cha historia na yeye yumo ndani. Jumatatu ndiyo siku yake ya kukionyesha.

Nani alimwambia yumo? Mimi. Mtoto aliyezaliwa pale angekosaje?

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya baridi. Kampuni yake ya hapa London ilimpeleka kule kwa mkataba wa miaka minne, kwenye kiwanda cha kuku nje ya mji. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke Morogoro na cheti changu cha kidato cha nne. Kilburn yenyewe sijaizoea, nikabebwa tena kama begi. Mji ulikuwa barabara moja. Ghala la nafaka refu kuliko kanisa, reli isiyopitisha abiria, benki iliyogeuka saluni, shule iliyofungwa watoto wakahamishiwa mji wa pili. Ukipiga chafya jikoni kwako, kesho mtu wa posta anakuuliza mafua yanaendeleaje.

Jirani yetu alikuwa mjane mzee aliyefundisha shule hiyo mpaka ilipofungwa. Nilimwita Bibi, akapenda. Tulikaa kibarazani kwake tukimenya mahindi, naye ananisomesha mji kwa ncha ya kisu. Pale palikuwa duka la viatu. Pale kimbunga kilibeba paa la kanisa, watu wakasali msimu mzima chini ya turubai. Yule anayepita, babu yake ndiye aliyechimba kisima cha kwanza, na mpaka leo anatembea kama anakidai. Nilijua historia ya watu wale kuliko ninavyoijua ya babu zangu.

Binti alipozaliwa, wanawake wa mji walituletea chakula wiki mbili mfululizo. Ndiyo desturi yao, kwenye uzazi na kwenye msiba. Kila bakuli limebandikwa utepe chini wenye jina la mwenyewe, ili lirudi kwake. Sasa mimi nimelelewa kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nina mshono tumboni, mtoto analia, nami nimesimama kwenye jiko nakaanga maandazi ya kujaza mabakuli ya watu. Wao wakiliona bakuli limerudi limejaa, wanalijaza tena na kulileta. Tulizungushana hivyo mpaka Bibi akaja mlangoni.

"Mwanangu, utatuua kwa unene. Rudisha moja tupu, mji upumue."

Nilirudisha moja tupu. Niliona haya siku nzima.

Basi nikakifungua kitabu mezani, mtoto amenilalia begani. Kilichukua miaka mitatu tangu tuondoke, kwa sababu wazee waligombania picha ya jalada. Reli imo. Kimbunga kimo. Halafu zinaanza kurasa za familia, kila familia na ukurasa wake. Imo hata familia iliyokaa misimu miwili, duka lao likaungua wakahama. Yumo ng'ombe dume aliyeshinda maonyesho ya wilaya, na picha yake imekula nusu ukurasa. Nilipekua mbele, nikapekua nyuma. Sisi hatumo.

Kwenye picha ya karamu ya mavuno kuna mkono umeshika upawa juu ya sufuria ya pilau. Kichwa kimeishia nje ya picha.

"Huyu nani?" binti akauliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu ndiyo kazi.

"Huo ni mkono wangu."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mgongoni kwangu."

Akaitazama picha kwa makini. "Kwa hiyo nimekatwa."

Mume wangu akasema, "Si kitabu tu?" Nilimtazama, akaenda kuosha vyombo.

Nilisubiri kule kupambazuke, nikapiga simu. Bibi aliuliza kama kitabu kimefika salama.

"Kimefika. Ng'ombe nimemwona."

"Ng'ombe gani?"

"Mwenye nusu ukurasa. Binti yangu aliyezaliwa hapo hana hata mstari, Bibi. Mlikula pilau yangu miaka minne, mkaona mpige picha mkono."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Kurasa za familia hatukuziandika sisi," akasema. "Kila familia iliandika ya kwake ikaleta. Tangazo lilikaa posta mwaka mzima. Ulikuwa unapita pale kila siku."

Nililikumbuka. Karatasi ya kijani, juu ya sanduku la barua. Niliisoma zaidi ya mara moja, neno kwa neno: familia zote za mji zilete kurasa zao. Nilisoma na kupita, kama mtu anayepita kwenye harusi ya nyumba ya pili bila kadi.

"Nililiona," nikasema.

"Sasa mbona hukuleta?"

"Nani alinialika?"

"Lilisema familia zote."

"Kwetu watu wakisema zote wanamaanisha wao kwa wao. Mgeni anangoja aitwe."

"Nami nikajiambia hukuleta kwa sababu hutaki. Nikaona nisikusumbue."

"Miaka minne unanisumbua juu ya chumvi ninayotia kwenye mahindi. Hili moja ndilo ukaona usinisumbue?"

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Sikumsaidia kucheka. Maana hata sasa nasema tangazo lile lilibandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kwamba wamo. Aliyekuwa na shaka, karatasi haikumwondolea. Ilitosha mtu mmoja anigongee mlango, kama walivyogonga na mabakuli. Lakini hasira yangu ilikosa pa kukaa, kwa sababu mkono wa kushika kalamu ulikuwepo, ni uleule wa upawa. Hata hapa kwenye jengo letu kuna karatasi mlangoni kila mwezi, wakazi wote waje kwenye mkutano. Sijawahi kwenda. Nilidhani wakazi ni wale wazee wa ghorofa ya chini.

"Binti anasimama Jumatatu," nikamwambia. "Kawaambia wenzake yumo."

"Andika leo. Nakala ya maktaba ndiyo watu wanayoisoma, na ufunguo wa maktaba ninao mimi. Nitumie, nitaubandika ukurasa wenu mahali pake, kwa herufi ya jina lenu, si mwishoni."

"Na hii niliyonayo mimi?"

"London hakuna gundi?"

Niliandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Ya pili ilikuwa shukrani nyingi mno, kama ya mtu anayeomba kazi, nikaichana kwa hasira zaidi kuliko ya kwanza. Binti alikaa mkabala nami akichora ghala la nafaka ambalo hawezi kulikumbuka, akawa ananipangia: usisahau mabakuli, sema nilikuwa mgongoni, sema na siku niliyozaliwa. Nikayasema yote. Nikataja kiwanda cha kuku pia, maana kitabu kizima hakikitaji, na nusu ya mji inakula kwacho. Tulibandika Jumapili. Ukurasa wetu ni mnene kuliko nyingine, kitabu hakifungi vizuri tena.

Jumatatu nilimchukua getini. Nikamuuliza ilikwendaje.

"Vizuri. Mwalimu aliuliza kwa nini ukurasa wetu umeandikwa kwa mkono."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisema mama alichelewa."

Tulitembea mpaka kituo cha basi. Nilichelewa, ndiyo. Lakini hiyo ni nusu ya habari, na yule mtoto ataisikia nusu ya pili akitaka asitake.