Siku Mjomba Sefu Alipoteremsha Sabuni ya Mama

Siku zile nazikumbuka kwanza kwa harufu, mwanangu. Uwanja wa nyumba yetu ya mtaa wa Buyenzi ulikuwa umejaa makatoni ya sabuni ya mche, sabuni mbichi kutoka kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, na harufu yake ilishinda hata ile ya ndagala, dagaa wa ziwani, walizoanika majirani. Mama yangu alikuwa akipita katikati ya makatoni na kuyagusa, kama mtu anayeaga watoto wanaosafiri. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili meli ingeondoka kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na mama alitaka sabuni yake yote iwe ndani.

Haraka ile ilikuwa na sababu. Redio ilikuwa imetangaza kodi mpya: kuanzia mwezi utakaofuata, kila mfanyabiashara anayevusha mzigo kwenda Kongo angelipa bandarini kabla ya kuondoka, na kiwango kilikuwa kimoja kwa wote. Mwanamke mwenye sabuni yake na tajiri mwenye maghala wangelipa sawasawa. Kwa hiyo wafanyabiashara wa mji mzima waligombania meli ile moja, ya mwisho kabla ya kodi.

Mama hakuwa na wasiwasi, maana mkaguzi wa meli pale bandarini alikuwa kaka yake.

Mjomba Sefu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Jioni, mafundi wa mtaa wetu wakishaacha kugonga mabati na kunawa grisi, walikuja kukaa mbele ya nyumba yake kunywa kahawa ya tangawizi. Ukitaka kujua ninachokosa zaidi katika mji huu, ni zile jioni. Mtu alikuwa anaweza kukaa na jirani yake, huyu Mwislamu, yule anatoka kanisani, wakabishana mpaka kahawa ikaisha, na kesho yake wakaazimana nyundo.

Pale ndipo mjomba aliposema alichofikiri juu ya kodi ile. Alisema ni kodi mbaya, inamkamua mdogo na kumpapasa mkubwa. Aliuliza pia kodi nyingine zilizokusanywa mwaka uliopita zilikwenda wapi, kama watu wa mtaa wa Buterere bado wanatoa maji ndani ya nyumba kwa ndoo kila mvua ikinyesha. Siku zile chama kilikuwa kimoja, mwanangu, na maneno kama yale hayakusemwa kwa sauti. Wengine walikuwa wakisikia hivyo wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Lakini kila mtu aliondoka na wazo moja: Sefu ni wetu, Jumamosi, siku ya kupakia, hatatusumbua.

Nikueleze kazi yake, ili uelewe yaliyofuata. Ubavuni mwa kila meli kulikuwa na alama nyeupe. Meli ikipakiwa inazama kidogo kidogo, na maji yakiifunika ile alama, basi mzigo umezidi. Kazi ya mjomba ilikuwa kuangalia alama ile na kuweka saini yake. Bila saini, nahodha haondoki.

Jumamosi nilikwenda bandarini na mama. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimemaliza shule, nikimsaidia katika biashara. Wapakizi walikuwa wanapanda na kushuka na magunia, makreti ya bia, mabati, na sabuni yetu ikaingia karibu na mwisho. Baada yake yalipakiwa makreti mengi ya bwana mmoja mkubwa wa chama, ambaye jina lake sitalitaja, watoto wake bado wako hapa mjini na ni watu wazuri.

Mjomba alifika na kuinama kwenye gati. Alama haikuonekana. Aliinuka, akamwambia nahodha kwamba mzigo uliopakiwa mwisho ushuke wote, mpaka alama itoke majini.

Kelele haikuwa ndogo. Wafanyabiashara walimzunguka, wakamkumbusha maneno yake mwenyewe ya kwenye kahawa. Walimwambia safari hii moja tu, kwa sababu ya kodi, na kwamba yeye mwenyewe aliiita mbaya. Mama hakwenda. Alibaki amesimama kando ya makatoni ya wengine, amekaza uso, akanituma mimi. Aliamini mjomba hawezi kuninyima kitu, na kwa kweli tangu utotoni hakuwahi.

Nilimkuta mjomba ameegemea nguzo ya gati. Nilimweleza kwamba akiba yote ya mama iko ndani ya ile sabuni, na akilipa kodi mpya hatapata faida yoyote. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa hata neno moja, wala hakubadili amri yake. Hapo nikakasirika.

"Mjomba," nikamwambia, "we uko upande gani?"

Aliangalia meli, ambako abiria walikuwa wameanza kuweka mikeka yao juu ya magunia, wanawake na watoto wa watu.

"Niko upande wa wale watalala mu ile meli," akasema. "Ile kodi ni mubaya. Nilisema, na nitasema tena. Lakini maji ya ziwa haijue kama kodi ni mubaya."

Nilirudi kwa mama. Na kabla sijafungua mdomo, gari la yule bwana mkubwa likaingia bandarini. Alikuwa amepata habari nusu. Alishuka akicheka, akampa mjomba mkono, akamsifu mbele ya wote kwamba amefanya vizuri kuwakomesha watu wanaokimbia kodi ya taifa. Mjomba aliuacha mkono ule hewani kidogo, halafu akaupokea kwa adabu.

"Apana, mukubwa," akamwambia. "Sikufanya kwa ajili ya kodi. Na makreti yako nayo inashuka. Iliingia nyuma ya zote."

Makreti yalishuka. Baada ya makreti, alama ikiwa bado haijatoka sawasawa, ikashuka sabuni ya mama yangu. Nilitazama wapakizi wakiipanga kwenye gati, na kaka wa mama yangu akiwa amesimama pale pale, mikono nyuma, haangalii pembeni. Ilipoisha, aliweka saini yake.

Sasa wewe unangoja nikuambie kwamba upepo wa kusini uliamka Jumapili ile na mjomba akaonekana shujaa. Apana. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya sahani. Meli ilifika Kalemie salama, ikiwa na nafasi ya kutosha juu, na wafanyabiashara walimcheka mjomba wiki nzima. Mama alivusha sabuni mwezi uliofuata, akalipa kodi, na faida haikuonekana. Aliacha kupeleka chakula kwa mjomba, ambaye mke wake alikuwa amekufa na aliyetegemea sahani yetu ya kila Ijumaa. Jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Siku chache baada ya kodi kuanza uliitishwa mkutano wa mtaa ili wakubwa waeleze uzuri wa kodi ile. Mjomba alitoka kazini na nguo yake ya bandari, akapita nyumbani kwake kwanza, akavua ile nguo na kuvaa kanzu yake ya kawaida, ndipo akaenda mkutanoni. Mi nilikuwepo, nyuma kabisa pamoja na wanawake. Walipouliza kama kuna mwenye neno, watu waliangalia vidole vya miguu. Mjomba akasimama.

"Hii si neno ya bandari," akasema. "Ni neno ya Sefu, mutu wa Buyenzi, mwenye kulipa kodi yake."

Akaeleza yote aliyokuwa akiyaeleza kwenye kahawa, kwa sauti ile ile ya chini: mdogo na mkubwa kulipa sawa, na maji ya Buterere. Hakumtukana mtu. Alipomaliza akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na wale waliomcheka bandarini ndio waliokuwa wa kwanza kutoka nje.

Haikupita muda akahamishwa. Walimpa kulinda depo moja tupu, ghala lisilo na mzigo, kule Zone Industrielle, mahali ambapo hakuna meli wala alama ya kukagua. Kodi ikabaki vile vile. Bandarini akaletwa mkaguzi mwingine, kijana mchangamfu, aliyejua kufumba macho akipewa kitu. Wafanyabiashara walifurahi sana. Mizigo ikapanda bila mtu kuinama kwenye gati.

Mama alikuwa na desturi ya kusafiri na mzigo wake mara moja moja. Safari yake ya kwanza chini ya mkaguzi yule mpya nilimsindikiza. Alikuwa amebeba sahani ya chakula iliyofungwa kwa kitambaa na mto wake mdogo. Tulipofika, sabuni ilikuwa imekwisha kupakiwa. Alitaka kupanda ngazi, akasimama. Akatazama chini, pale kaka yake alipokuwa akitazama, na hakuona alama. Aliangalia vizuri, akidhani labda kivuli kinamdanganya. Halafu akaangalia abiria waliokwisha kutandika mikeka.

Nahodha alimhimiza apande. Mama akamwambia awaite wapakizi waishushe sabuni yake. Yule mkaguzi kijana alicheka, akamwambia mama asiogope, yeye mwenyewe ameshaweka saini. Mama hakubishana naye. Alikaa juu ya mto wake mpaka katoni la mwisho likarudi kwenye gati, na aliwasihi wengine washuke pia, wachache walimsikiliza.

Kisha tukatembea mpaka depo ya mjomba, jua kali, malori ya viwandani yakitupigia vumbi. Tulimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni. Mama akafungua kile kitambaa, isombe ya majani ya muhogo na wali aliojipikia kwa ajili ya safari, akakiweka mbele yake.

"Kaka," akasema, "leo nimeteremusha muzigo mwenyewe."

Mjomba akachukua maji. Alinawa mikono, akala, na alipofika katikati akasogeza sahani ili mama naye ale. Nikawaacha wawili wale, nikaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta, maana sikutaka mama aone kwamba ninalia.

Mwanangu, baadaye miaka mibaya ilikuja, ile ambayo wazee wako hawapendi kuisimulia. Swali nililomuuliza mjomba bandarini likaanza kuulizwa barabarani, mu hospitali, mu basi, na wengine jibu lao liliwaua. Hata daktari akauliza upande kabla ya kuuliza ugonjwa. Mjomba alikuwa amekwisha kufa, na nilishukuru kwamba hakuyaona. Lakini nilimkosa sana.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nilikusikia. Ulikuwa kwenye foleni ya petroli na wenzako, mkizungumza siasa, na mi nilifurahi, maana ilinikumbusha kahawa ya mjomba. Halafu ukasema kwamba kwa kuwa kodi yako inakatwa na huoni barabara, wewe nawe utafanya kazi yako nusu. We ni mtu wa ujenzi. Unaweka saini kwenye nyumba ambazo watu watalala ndani yake. Sikulala vizuri.

Basi nisikilize. Kuwa na maoni juu ya nchi yako. Aliyekukataza kufikiri hakupendi. Lipa kodi yako, kisha uliza kwa jina lako imekwenda wapi, na uliza mahali wanapoweza kukusikia. Uliza hata kama hawatakujibu, hata kama watakuhamishia kwenye depo tupu. Lakini hasira yako juu ya wakubwa usiiweke kwenye saruji ya maskini. Watakaoangukiwa na ukuta ule si wale waliokukasirisha. Na mtu akija kwako kazini, wa chama chako au wa chama kingine, mpe kazi ile ile. Ukihitaji kusema ya moyoni, vua kwanza nguo ya kazi, kama mjomba, ukaseme.

Siwezi kukuahidi kwamba watakushukuru. Mjomba hakushukuriwa, ila na dada yake.

Mola akulinde barabarani na kazini, mwanangu. Akupe chakula cha halali na jirani wa kubishana naye bila woga. Kila nyumba utakayoiwekea saini isimame, na wanaolala ndani yake waamke salama. Amina.