Mkwe wa Chumba cha Mbele

Nyumba yangu niliimaliza kulipa kabla ya wakati. Naanza na hilo kwa sababu wapo wanaodhani nilisaidiwa. Hakuna aliyenisaidia. Shule niliiacha nikiwa bado naandika kwa kidole mchangani, na mji huu niliuingia na suruali moja. Lakini mlango ninaoufunga usiku ni wangu.

Tulikuwa tumetoka mtaa wa Mbotela, chumba kimoja cha kukodi, mimi, mke wangu na watoto. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Mashariki zaidi walikuwa wamejenga nyumba ndogo za mawe: vyumba viwili, jiko, choo, na bomba la maji uani. Mtu wa mshahara kama wangu aliweza kupewa moja kwa mkopo, alipe kila mwezi kwa miaka mingi. Masharti tulisomewa na karani kwa sauti, sisi tumesimama. Ukikosa kulipa, unatolewa. Ukipangisha hata kona ya chumba kabla deni halijaisha, unatolewa vilevile.

Sharti la kwanza nililiona kwa macho. Hatujamaliza mwaka, vyombo vya jirani vilitolewa nje mchana kweupe: godoro, redio, picha ya harusi imewekwa juu ya sufuria. Mkewe alikaa kwenye godoro lile kando ya barabara akinyonyesha, hamwangalii mtu. Tangu siku hiyo usingizi ulinipotea. Nilimwambia mke wangu, "Hili deni lazima tulimalize mapema. Tukiliacha lizeeke nasi, litatuzika."

Basi tukajibana. Kazi yangu ilikuwa kuchochea boila katika kiwanda cha sabuni. Asubuhi mke wangu alinipa sufuria ya mahindi na maharagwe, iwe jua iwe mvua, nakwenda kwa miguu nikiwa na akala, viatu vya soko la Kariokor ambavyo soli zake zilikuwa tairi la lori na zingenizidi umri. Sufuria naiweka juu ya boila. Joto lile lilikuwa linapotea tu hewani. Jioni narudi na chakula kimeiva, nimekifunga kwa gunia ndani ya kikapu, na nyumbani hatujachoma hata kipande cha mkaa kwa maharagwe. Chai yetu ilikuwa turungi. Maziwa ni ya mgonjwa na mgeni, na mgeni mwenyewe awe wa maana. Suruali yangu ikichakaa magoti, inakuwa kaptura ya mtoto. Vijana wa mtaa waliniita Mzee Turungi, nikipita wanaimba, nami napita.

Yote hayo hayakutosha. Ndipo nikafanya walichofanya wengi kimyakimya: tukahamia wote chumba cha nyuma, cha mbele nikampa mpangaji. Alikuwa kijana kutoka magharibi, mfanyakazi wa kiwanda cha mablanketi, mtu wa kanisa, hana mke, hana kelele. Kodi yake ilikuwa ikipokelewa na mke wangu, mimi nikiwa kazini, na yote ilikwenda kwenye deni. Hata sukari haikugusa.

Mkaguzi wa nyumba za mkopo alikuja Jumamosi alasiri. Mvua ilikuwa inanyunya. Alikuwa mtu mzima, koti refu, na alivyosalimu tu nikajua ni wa kwetu Ukambani. Hiyo ilinitia hofu zaidi, maana mtu wa kwenu humdanganyi kirahisi. Mpangaji alikuwa ameketi kitandani mwake, mlango wazi, mke wangu amesimama pale akimpa kikombe.

Mkaguzi akaangalia kitanda. Akaangalia stovu ndogo ya mafuta chini yake. Kisha akashika kufuli iliyoning'inia nje ya mlango wa chumba kile.

"Mzee," akasema, "watu wa nyumba moja hufungiana kufuli tangu lini?"

Nikasogea kati yake na kitanda.

"Huyu kijana ni nani?"

Niliona godoro langu barabarani. Nawaambia ukweli, nililiona, na mvua inalinyeshea. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mkwe wangu. Amechumbia binti yetu mkubwa, yule aliyeko shule ya bweni."

Kikombe kikaanguka. Mke wangu alivuta leso ikafunika uso wote, akageuka ukutani, akatoka kwa mlango wa jikoni. Kwetu, mama na mkwewe hawaketi pamoja, hawali pamoja, hata njiani mmoja humpisha mwenzake kichakani. Tunaiita nthoni. Mke wangu hakuwa anaigiza. Neno lilikuwa limetamkwa mbele ya mtu wa kwetu, na kwake likishatamkwa limekuwa.

Mkaguzi alishusha macho hapohapo. Akaachilia kufuli. "Pole, sikujua," akasema kwa sauti ya chini, kama aliyeingia mahali asipotakiwa. Mlangoni akageuka. "Lakini kazi ni kazi. Mwezi ujao binti atakuwa amefunga shule. Nitapita nimwone, niandike kwamba ni familia."

Alipokwenda nilimkuta mke wangu uani, ameloa, bado amejifunika.

"Njoo ndani, amekwenda."

"Yeye amekwenda. Na yule mwingine?"

"Mama Watoto, yalikuwa maneno tu!"

"Basi yarudishe mdomoni."

Mpangaji yeye alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, sasa mahari ni mbuzi wangapi? Nianze kukusanya?" Kicheko kilimwisha jioni, alipotaka kwenda chooni. Choo kilikuwa nyuma ya jiko, na jikoni alikuwepo mke wangu. Mke wangu kumwona tu akaruka, akatokea uani na mwiko mkononi. Kila alipotaka maji, mke wangu aliacha bomba linamwagika akakimbia. Sufuria ziliungua. Kijana akaanza kukohoa kabla ya kutoka chumbani, kama mzee wa kifua, ili mama apate nafasi ya kujificha.

Mwisho wa mwezi alinyoosha kodi yake, mke wangu akakataa kuigusa. "Mkwe huleta mbuzi, halipi kodi. Nikipokea hizo nitakuwa nani?" Nikasema nitapokea mimi. Akaniambia nikizipokea, nisizilete ndani ya nyumba anamolala. Namjua yule mwanamke. Hakuwa anabishana. Kijana akabaki na pesa zake mkononi, anaona aibu. "Mzee," akaniambia, "labda nitafute chumba kwingine." Akihama, deni linarudi mabegani mwangu peke yangu. Asipohama, mke wangu analala na njaa kwa kukimbia jiko lake.

Kisha binti akafika kutoka shule ya bweni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Habari alizipata kwa wasichana wa mtaa kabla hajatua sanduku.

"Baba, mimi nimeolewa?"

"Hakuna aliyeolewa. Mkaguzi akija, wewe kaa tu. Usiseme kitu."

"Na akiniuliza?"

"Itikia."

Aliniangalia kama ninavyoangalia mimi watu. Amenirithi, hilo siwezi kukana. "Nitamwambia mimi ni mwanafunzi. Akitaka nitamwonyesha vitabu. Baba, umenitoa kwa ajili ya kufuli?"

Nilinyanyua mkono, nikaushusha. Mke wangu alisema kutoka nyuma ya mlango, "Amesema kweli," na hapo nikajua niko peke yangu ndani ya nyumba yenyewe.

Ilibaki njia moja. Kwetu Ukambani nilikuwa nimejenga kuta za matofali kwenye shamba la baba. Bado kuezeka. Pesa za mabati nilikuwa namwekesha ndugu yangu mkubwa, mchonga vinyago aliyekaa upande wa Mathare, kwa sababu kwangu kila shilingi iliyoonekana ililiwa na mkopo. Nikaenda kwake. Alikuwa ameketi katikati ya vipande vya mti, anachonga twiga, na twiga kadhaa wasio na vichwa wamelala miguuni pake.

"Nipe pesa za mabati."

Patasi ikasimama. "Za kuezekea kwetu?"

"Nataka kumaliza deni la nyumba."

"Nyumba ile ya mawe? Ile hata kaburi haina! Wewe ukifa tukuzike wapi, chooni?"

"Nikifa mtajua wenyewe. Mimi naongea habari ya kuishi."

"Mtu akipita pale shambani aone kuta bila paa, atasema nini juu yetu?"

"Atasema mvua inaingia."

Hakucheka. Alizitoa kutoka shimo chini ya kitanda, akazitupa juu ya maranda ya mbao badala ya kunipa mkononi. "Siku watakapokutoa huko mjini, usije kwangu kuomba mkeka." Niliziokota moja moja. Mgongo uliniuma, lakini niliziokota zote.

Ofisini karani kijana alizihesabu, akahesabu tena, akaniuliza, "Mzee, haraka ya nini? Si una miaka mbele?" Nikamwambia agonge muhuri. Sikutaka kuondoka bila risiti, kwa maana ilikuwa Ijumaa, na nilisikia kwamba wakaguzi watazunguka mtaa wetu Jumatatu. Karani akaenda ndani. Akakaa. Nikafikiria amekwenda kuita mtu. Akarudi na kikombe cha chai, akanywa funda, ndipo akagonga muhuri.

Nilipogeuka, mkaguzi alikuwa nyuma yangu, koti lilelile.

"Mzee wangu! Mkwe hajambo?"

Nilikuwa na risiti mfukoni. Ningeweza kusema hajambo nikaenda zangu. Lakini nimeishi na uongo ule nikaona unavyokula, na sasa haukuwa na kazi tena.

"Yule si mkwe. Ni mpangaji. Alikuwa mpangaji tangu mwanzo, na nimemaliza kulipa."

Nilidhani atakasirikia kodi. Hata hakuitaja. Alinisogelea akaniambia kwa Kikamba, polepole, mbele ya watu wote: "Ulimfanya mama wa watoto wako afunike uso kwa uongo? Nami nikashusha macho?" Akaniangalia juu mpaka chini kwenye akala zangu. Akaondoka bila kuaga.

Wako watakaotaka niseme niliumia. Sikuomba radhi, na leo siombi. Nilitembea mpaka nyumbani, nikaweka risiti mezani, nikamwambia mke wangu, "Toka jikoni kama mtu. Imekwisha. Yule ni mpangaji tena."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Ni wewe uliyesema mkwe pia." Kisha akanieleza kama anayemfundisha mtoto: mkwe akitaka mama amwone uso, huleta kitu cha kumfunika, mama akakipokea, nthoni ikalegea. Neno lililofungwa vizuri halifunguliwi na risiti.

Nikabisha mlango wa chumba cha mbele, nikamweleza kijana. Hakuuliza sana. Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka kiwandani na blanketi jipya la kijivu lenye mistari myekundu, amelinunua kwa bei ya wafanyakazi. Alisimama uani, akakohoa kile kikohozi chake. Mke wangu alikuwa bombani. Hakukimbia. Alisimama amempa mgongo, leso juu ya kichwa, kijana akamwekea blanketi mabegani kutoka nyuma. Binti yetu alikuwa mlangoni na kitabu, anajaribu kutocheka.

Mke wangu alijifunika lile blanketi, akalipapasa upindo, akanusa sufu yake. Halafu akafunga bomba, akageuka, akateremsha leso shingoni na kumwangalia yule kijana usoni.

"Asante, mwanangu. Limenitosha," akasema, akanyoosha kiganja. "Sasa lete kodi. Ya mwezi uliopita na ya huu."