Nilimbadilishia Mama Mwisho wa Kitabu

Admin, ficha jina langu na la mama, kwa sababu wamama wa kanisa letu wote wako kwa hii page, wanasoma kimya kimya kama hawako.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, naishi Kitengela na mama yangu. Shule niliachia kidato cha pili, ama shule ndiyo iliniacha, inategemea unauliza nani. Sasa nachoma nyama. Kama umewahi kula mbuzi hapa Kitengela ukalamba vidole, pengine ni mkono wangu, karibu tena. Na nyinyi wenye digrii msinicheke mapema, mwaka huu nimesoma vitabu kuwashinda.

Iko hivi. Kanisani kuna kikundi cha wamama wanaosoma kitabu kimoja kila mwezi. Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, wanakaa na chai na kila mmoja anatoa maoni yake. Mama mchungaji alimwandikisha mama bila kumuuliza kitu. Wasichojua ni kwamba mama hajui kusoma, na aliona aibu kusema. Akarudi nyumbani na kitabu kwa mfuko, akaniambia, "Baba, wewe ndio macho yangu. Na ukiambia mtu, chakula utatafuta hotelini."

Basi jioni yeye anachambua mboga ya sukuma, mimi nasoma. Tulianza na kitabu cha kufuga kuku. Maoni yangu: huyo mwandishi hajawahi kufuga hata mmoja, kuku wake hawaugui. Kukaja cha ndoa, kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kunyimwa chakula na bibi. Kukaja hadithi ya mpelelezi, nikamjua muuaji mapema, nikamtaja, mama akanitupia mti wa sukuma. Halafu maisha ya mwanasiasa fulani, kitabu kinene kama tofali. Hicho nilikuwa naruka kurasa, nakubali. Nilipomaliza mama akauliza, "Na mamake aliishia wapi?" Nikatafuta mbele na nyuma. Alitajwa tu pale mtu anazaliwa. Jumapili mama akawaambia wenzake, "Huyu ameandika kila mtu aliyemsalimia kwa mkono, lakini mamake amemwacha ukurasa wa kwanza." Tangu siku hiyo mama akianza kuongea, wanaweka vikombe chini. Na mimi najua hiyo heshima nusu ni yangu.

Sasa shida. Kitabu cha mwezi huu ni hadithi ya baba anayeaga mke na kijana wake, anaenda mbali kutafuta pesa. Hapo nikaanza kusoma polepole. Baba yangu alienda Loitokitok kununua vitunguu vya kuuza nikiwa darasa la sita. Hajarudi. Ukimuuliza mama, anasema barabara ni mbaya. Miaka yote hii, barabara ni mbaya.

Kwa kitabu, baba anaoa kwingine, na mke anazeeka akiangalia mlango. Mimi nilijua, kwa sababu husoma mwisho kwanza, sipendi kupotezewa wakati. Lakini siku ya kufika hapo mama aliacha sukuma, akaniangalia mdomoni. Nikashindwa. Nikashika kitabu vizuri kama mtu anasoma, nikatunga yangu. Nikasema baba alirudi amekonda, gunia la vitunguu begani, akapiga hodi kwa nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Mama alienda kunawa uso.

Kesho yake alienda kanisani, akarudi na koti la baba, lile la kahawia. Alikuwa amelitoa juzi tu kwa nguo za msaada, baada ya kukataa kulitoa hiyo miaka yote. Ameliangika nyuma ya mlango. Na ameniambia, "Mwezi ukiisha tushuke Illasit, kule mbele ya Loitokitok, kuna mtu alisema alimwona huko. Hata kwa vitabu wanarudi."

Wadau, mimi baba nilishampata. Mwaka jana nilienda huko Illasit kimya kimya. Nilimkuta amekaa nje ya duka, ana mke mwingine na watoto wawili wadogo wenye masikio kama yangu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na nilikuwa sijakula. Nikarudi. Mama nilimwambia nilikuwa Kiserian kununua mbuzi.

Jumapili ni kesho kutwa, na mama ndiye amepangiwa kuongea wa kwanza. Akitoa mwisho wangu, wamama wote watajua hakukisoma. Jana nikajikaza.

"Mama, kuhusu ule mwisho."

"Hata mimi kuna kitu kinanisumbua," akasema. "Baba alipopiga hodi, yule kijana wake alikuwa wapi? Alimwambia nini?"

"Kitabu hakisemi."

"Hakisemi?"

"Hakisemi, mama."

Akarudi kwa sukuma yake. "Basi hayo ndiyo maoni yangu ya Jumapili. Mwandishi amemsahau mtoto."

Mimi hapa mtaani niko na jibu la kila mtu, uliza yeyote. Jana nilitoka nje nikajifanya naangalia jiko, na jiko halikuwa limewashwa.

Nikinyamaza, atachekwa mbele ya wenzake, halafu apande gari hadi Illasit aone kwa macho yake. Nikimwambia, ataniuliza kwa nini nilidanganya, na hapo lazima nitoe yote. Msiniambie niombe, nimeomba. Nipeni shauri la mtu na mamake: nianze na mwisho upi, wa kitabu ama wetu?