Sura ya Mwalimu Iliyoyeyuka

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nionapo nta ikilainika. Nilikuwa kijana, miaka michache baada ya vita, nikifanya kazi hapa Kituntu kwa fundi wa mishumaa, mzee Laurenti. Shule moja ilimwomba sura za wasomi watatu wa Karagwe, zifinyangwe kwa nta zijitokeze, kila moja juu ya ubao wake, ili watoto wawajue waliowatangulia kushika kalamu.

Nilijua kazi ile ni yangu. Nilikuwa na miaka minne pale. Lakini mzee akampa Sitefano, kijana wa familia iliyotoka Rwanda, mwenye miezi minane tu kazini. Mimi nikaachiwa kuchuja nta. Chanda chema huvikwa pete, na vidole vya Sitefano vilikuwa vyema kweli. Hicho ndicho kilichoniuma. Angekuwa hajui kazi ningempenda. Nilimtazama akiinua pua ya mtu kwenye nta kwa kijiti cha mwanzi. Kwa wenzangu nilisema, "Mgeni atawajuaje wazee wetu?"

Msomi wa tatu alikuwa mwalimu, marehemu, asiyeacha picha hata moja. Mjane wake, bibi Paskazia, alitoka kijijini Ndama akafikia kwa ndugu zake, akaja kwetu siku tatu kueleza: nyusi zilikuwa hivi, kovu lilikuwa hapa. Sitefano akasikiliza, akafinyanga, akafuta, akafinyanga tena.

Sura hiyo ilipokamilika, asubuhi ya mawingu, aliiweka dirishani penye kioo, akaenda Kayanga na mzee kununua mbao. Saa sita jua likatoka. Nililiona likiupanda ule ubao. Nilikuwa hatua tatu tu! Mwanangu, sikunyanyuka. Niliendelea kuchuja nta yangu, nikajiambia kwamba sijafanya lolote.

Bibi Paskazia akafika kabla yao, amemfungia Sitefano kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Nikamwamkia shikamoo. Alikuwa anatazama shavu la mumewe, limeteremka mpaka kidevuni.

"Ulikuwapo hapa?"

"Nilikuwapo, bibi."

"Basi leo nimemzika mara ya pili."

Mzee aliporudi alimkaripia Sitefano kwa uzembe, akanikabidhi mimi ubao niifinyange sura upya. Nilichokitamani kikawa mikononi mwangu, nami nikashindwa kufinyanga hata jicho. Siku zote tatu alizokuja bibi nilitazama vidole vya mwenzangu. Maneno ya yule mama sikuyasikia. Kesho yake nikamweleza mzee ukweli. Hakunipiga.

"Nenda kwa uliyemkosea," alisema. "Mimi sina msamaha wa watu wengine."

Sitefano alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akaanza upya. Sura ikatoka nzuri kuliko ya kwanza, bibi akaishika kwa mikono miwili akilia. Lakini toka siku ile Sitefano hakuacha tena kazi yake katika chumba nilichomo mimi. Nami, nisikudanganye, watoto waliposhangilia zile sura kule shuleni bado moyo uliniwaka.

Basi nakuusia, mwanangu: wivu ukikushika, usikae nao kimya. Mwendee unayemwonea wivu, umwambie, "Nifundishe." Na ukiona kazi ya mtu inaharibika, nyoosha mkono, hata kama moyo umegoma; moyo utafuata nyuma. Mungu akujalie kufurahia cha mwenzio, abariki kazi ya mikono yako, na akuzeeshe ukiwa na rafiki wa kuketi naye.