Udongo wa Kijani wa Mama Marceline

Mama Marceline hakuwahi kuuza bonge la pemba bila kuling'ata kwanza. Alimega pembeni, akatafuna polepole huku akitazama juu, kisha akaitikia kwa kichwa. Ndipo mteja alipopewa. Pemba ni udongo mweupe unaoliwa na wanawake wenye mimba, na katika soko la Likasi, mji wetu wa shaba huko Kongo, alikuwa akiuuza tangu kabla sijazaliwa.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, mshauri wa lishe katika kituo cha afya. Niliwaambia wanawake waache udongo kwa sababu unapunguza damu, na badala yake wale ini, mayai na maziwa. Ilikuwa mwaka 1994, na mishahara ya kiwanda cha shaba, "usine" kama walivyokiita, ilikuwa haijaonekana kwa miezi saba. Walinisikiliza kwa heshima. Mmoja aliuliza ini hilo nililiona wapi.

Udongo mzuri ulitoka mbali, ng'ambo ya Kambove, na lori lililouleta lilisimama kwa kukosa tairi. Mama Marceline akaanza kuchimba wake upande wa Kamatanda, penye machimbo ya shaba. Baada ya Pasaka wanawake watano walikuja kituoni wakitapika. Wa sita alikuwa Princesse, binti wa Mama Marceline mwenyewe, mwenye mimba ya miezi saba. Hata uji haukukaa tumboni.

Nikaenda sokoni. Udongo mpya ulikuwa na rangi ya kijani kidogo.

"Mama Marceline, hii rangi ni ya nini?"

"Vitamini. Weye mwenyewe ulisema, mademoiselle: mukule bya kijani."

Nilikuwa nimesema. Nilimaanisha mboga ya lengalenga.

Nilipeleka bonge moja kwa Casimir, mpimaji wa maabara ya kiwanda, aliyeendelea kwenda kazini bila mshahara kwa sababu nyumbani wangemwuliza chakula kiko wapi. Alijua kupima madini tu. Aliandika: "Shaba, 2,8 kwa mia. Ni kidogo. Haifai kwa kiwanda." Kwa tumbo la mtu ilikuwa nyingi mno.

Nilimsomea Mama Marceline karatasi hiyo. Akapiga makofi.

"Munasikia? Ku-usine banaikataa! Basi ni chakula."

Wanawake wawili wakanunua papo hapo. Nikamwuliza Mama Marceline, yeye anayeonja kila siku, tumbo lake likoje.

"Inaniluma tangu Pasaka. Minye nilizani ni huzuni ya mushahara ya bwana."

"Na Princesse?"

Alitazama bonge mkononi, lenye alama ya meno yake. Aliwafuata wale wanawake wawili, akawanyang'anya udongo na kuwarudishia pesa zao. Gunia lote alilimimina chooni.

Princesse alijifungua mtoto mdogo, mwenye sauti kubwa. Mama Marceline akawa anatembea mwenyewe hadi ng'ambo ya Kambove kufuata udongo mzuri. Sikuweza kumwachisha pemba, wala sikuweza kumpatia mtu ini. Lakini kila gunia jipya aliliuza baada ya ulimi wake na karatasi ya Casimir kukubaliana.

Siku niliyohamia Lubumbashi alikuja kituoni na bonge la gunia jipya ndani ya jani la mgomba. Nilimwambia maabara inaweza kufungwa wakati wowote.

"Mupelekee Casimir mbio, basi," alisema. "Kama usine inaitaka, nitauzia usine. Kama hamuna kitu ndani, nitauzia bamama. Ile ya katikati njo inaua."